Sikio la Kushoto la Fundi

Mtaani kwetu alijulikana kama Sista Pumua, na jina hilo walimpa vijana waliokuwa wakiandikishwa jeshini. Walivua mashati wakapanga mstari, yeye akawawekea chuma cha baridi kifuani na kuwaambia kila mmoja, "Vuta. Shika hapo. Haya, pumua." Siku nzima ni hivyo hivyo, vuta, shika, pumua, mpaka wakitoka nje wanamwigiza sauti na kuchekana.

Kabla ya vita alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Vita vilipoanza jeshi likauchukua ukumbi wa zahanati, ule wa kliniki ya watoto, ukawa mahali pa kuandikisha askari. Mabenchi yalisukumwa ukutani. Picha za chanjo ziliachwa palepale, nusu zikafunikwa na bango la askari anayecheka na meno yote nje. Daktari alimwita Sista pembeni akamwambia, "Ni kwa muda mfupi tu, dada yangu. Wakishapata watu wao, unarudi kwa wazazi wako." Muda mfupi huo ulikuja kula miaka.

Kazi yenyewe haikukosa vichekesho. Alikuja kijana mwembamba ambaye alikuwa amekunywa maji mengi ili mizani imkubali, akitembea tumbo linalia kama dumu linalobebwa. Sista akamwangalia, akamwambia, "Nenda chooni kwanza, mdogo wangu. Kisha urudi tuone umebaki nani." Wapo waliokuwa hawataki kwenda. Hao waliingia wakichechemea mguu wa kulia na kutoka wakichechemea wa kushoto. Wa kujifanya viziwi nao hawakukosekana. Hao Sista aliwageuza uso ukutani, akadondosha rundo la funguo sakafuni nyuma yao. Mtu mwenye masikio, hata awe mjanja vipi, bega lake litashtuka kidogo. Yeye alikuwa anaangalia bega.

Mezani alikaa sajini mmoja mnene, mcheshi, mwenye sauti ambayo ingeweza kuuza hata kiatu cha mguu mmoja. Huyo ndiye aliyezungumza na vijana. Sista hakuwaita wala hakuwashawishi. Kazi yake ilikuwa kusema huyu mzima na huyu si mzima, na daktari akatia sahihi chini ya neno lake bila kuuliza.

Mumewe alikuwa seremala, na watu wote walimwita Fundi. Aliingia jeshini mwanzoni kabisa mwa vita, akapelekwa kwenye kikosi cha kujenga madaraja, akatumikia mkataba wake mpaka mwisho. Alirudi nyumbani mzima wa mikono na miguu. Mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi nao, alimpapasa kuanzia kichwani hadi vidoleni kama anayechagua kitambaa dukani, akasema, "Amerudi wote."

Hakurudi wote. Lilipigwa bomu karibu naye siku moja kando ya mto, na tangu hapo sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kabisa. Hilo hakumwambia mtu. Akiingia chumbani alichagua kiti cha pembeni, ili watu wote wakae upande wake wa kulia. Mama yake alianza kulalamika kwamba mwana amekuwa na majivuno, anaitwa haitiki. Sista hakuuliza kitu. Alibadilisha tu upande wake wa kulala, akahamia kulia kwa mumewe, na akimtuma jambo alizunguka kwanza akasimama mbele yake. Mara moja tu alithubutu kumwambia, "Baba, kwa nini usije zahanati, daktari akuangalie hilo sikio?"

"Sikio gani?" Fundi akajibu. "Mimi nasikia. Ninyi ndio mmeingiwa na mtindo wa kunong'ona."

Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, kibanda cha mabati chenye harufu ya gundi na mbao mbichi. Alirudi kazini, lakini kazi zake zilikuwa hazifiki mwisho. Alianza kabati, akaacha milango. Alianza kitanda, akaacha miguu. Wateja walikuja, wakaambiwa kesho, wakaja tena, mwishowe wakawa wanapita mbali. Aliyeshinda naye pale alikuwa kijana wa jirani, mtoto wa pekee wa mshonaji aliyepakana nao ukuta. Kijana huyo alikuwa mrefu kupita kiasi, kwa hiyo aliitwa Twiga, na mama yake akawa Mama Twiga. Twiga alimshikia Fundi mbao wakati wa kukata, na Fundi alimsimulia habari za kikosi. Alisimulia jinsi walivyofunga daraja usiku mmoja wakiwa ndani ya maji hadi shingoni, jinsi walivyogawana sigara moja watu wengi, nani alikoroma, nani aliimba. Waliokufa hakuwataja. Kijana alisikiliza mdomo wazi. Mambo mazuri tu ndiyo aliyoyasikia, na si kosa lake kwamba aliyapenda.

Twiga alipotimiza umri alimwambia mama yake kwamba anakwenda kujiandikisha. Mama Twiga hakulia mbele yake. Alimfuata Sista uani, alikokuwa akianika nguo, akasimama upande wa pili wa kamba.

"Dada," alisema, "kesho mwanangu anakuja kwenu."

"Nimesikia."

"Sikuombi udanganye. Nakuomba umwangalie vizuri tu. Nyayo zake, macho yake. Alipokuwa mdogo alikuwa na pumu. Mtu akitafuta hakosi kitu."

Sista alibana nguo moja kwenye kamba, akaibana tena palepale. "Nitamwangalia vizuri," akasema.

Na alimwangalia kweli. Tumezoea kusikia kwamba hakujali, lakini muuguzi mwenzake aliyekuwa ukumbini siku hiyo anasema hakuna kijana aliyekaa mbele yake muda mrefu kama Twiga. Alimsikiliza kifua mbele na nyuma. Alimrukisha, akamsikiliza tena. Alimsomesha herufi za ukutani hadi zile za chini kabisa. Alimkanyagisha sakafu kwa miguu iliyolowa maji ili aone nyayo zake. Pumu ilikuwa imemtoka zamani. Kijana alikuwa mzima kama siku ya kwanza, na mrefu kiasi kwamba kipimo cha urefu kilimwishia usoni, sajini akasema jeshi litabidi limshonee suruali mbili ziungwe. Twiga alicheka. Alimwita Sista mama mdogo, akamuuliza, "Mama mdogo, mbona mimi unanipima mara mbili?"

"Kazi," akamjibu. Kisha akaandika kwamba anafaa.

Mama Twiga alimsalimia siku hiyo jioni, ila salamu yake ilikuwa fupi.

Miezi ilipita, habari za vita zikawa mbaya. Redio ikaanza kutaja ule mto ambao Fundi aliuacha, na kila ulipotajwa aliweka randa chini akaigeuzia redio upande wake wa kulia. Ndipo likatoka tangazo kwamba wale waliomaliza mikataba yao wanaweza kujiandikisha tena, na watapandishwa cheo. Sajini alifika mwenyewe nyumbani, akakaa sebuleni, akanywa chai na kusifu kiti alichokalia kwamba ni kazi ya mtu anayejua. Hakumsukuma Fundi hata kidogo. Alimwambia tu, "Wenzako wanakuulizia," akaaga.

Usiku huohuo mkewe aliongea naye, akiwa amekaa upande wa kulia.

"Ulishamaliza zamu yako."

"Mimi nimemaliza. Wenzangu je?"

"Wenzako wana mama zao na wake zao wa kuwalilia. Wewe una sisi."

"Twiga yuko kule," Fundi akasema. "Unadhani ni bango lile lililompeleka? Ni mimi. Nilikuwa nampigia stori. Nikiwa karibu naye angalau nitajua pa kumwambia asikanyage."

Sista alinieleza miaka mingi baadaye kwamba jibu lilikuwa mdomoni mwake na hakulitoa. Alitaka kumwambia, na wewe utasikiaje ukiambiwa usikanyage? Aliona ni kama kumpiga mtu aliyelala.

Asubuhi Fundi alikuwa kwenye mstari pamoja na vijana, shati mkononi. Sista alimwona akimkaribia, mtu kwa mtu. Angeweza kumwomba mwenzake ashike zamu hiyo kwa mapumziko mafupi. Aliwaza hilo, kisha akaona mwenzake naye ana macho, na Fundi akikataliwa na mgeni ataaibika zaidi. Akambakisha kwake. Moyo ulikuwa sawa. Macho yalikuwa sawa. Akamwambia ageukie ukuta na kuziba sikio la kulia kwa kiganja. Fundi alimtazama kwanza. Macho yake yalimwomba kwa namna ambayo hakuwahi kumwomba kitu tangu waoane. Kisha akageuka, akaziba sikio.

Funguo zilianguka. Vijana wote mstarini walishtuka. Bega la Fundi halikuyumba.

Alizidondosha mara ya pili, kwa nguvu zaidi. Fundi akasema, "Nimesikia." Lakini alisema akiwa amechelewa, baada ya kuona kwa pembe ya jicho kijana mmoja akiinamisha kichwa kutazama chini.

Sista aliandika ukweli. Daktari akatia sahihi. Sajini aliinuka mezani akamshika Fundi mkono kwa heshima, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani wa kutoa.

Nyumbani mumewe hakugombana naye. Alikula akiwa amempa upande wa kushoto, makusudi, na kwa siku nyingi aliishi hivyo, amemgeuzia sikio lililokufa. Siku alipofungua mdomo alisema jambo moja tu.

"Mtoto wa Mama Twiga ulimpitisha."

"Alikuwa mzima."

"Na mimi?"

"Wewe si mzima, baba. Unajua mwenyewe."

"Ninachojua," akasema Fundi, "ni kwamba sitaweza kumtazama yule mama."

Mtaa nao ulikuwa umekwisha kuamua. Dukani, kwenye bomba la maji, saluni, neno lilikuwa moja, kwamba Sista amewapeleka watoto wa watu na wake amemficha uvunguni. Hakuna aliyeamini habari za sikio. Watu walikuwa wameongea na Fundi kila siku na akawajibu, maana alikuwa hodari wa kusoma midomo. Mama mkwe peke yake ndiye aliyemtetea, ila utetezi wake ulizidi kuharibu. Alisimama getini akamwambia kila aliyepita, "Mkwe wangu ana akili. Kila mwenye akili angefanya hivyo." Sista alimsihi aache, akajibiwa, "Mwanangu, mimi nakushukuru, nishukuru kimoyomoyo kwa nini?"

Habari ya Twiga ililetwa mchana na maofisa wawili, kofia mikononi. Cherehani ya Mama Twiga ilikuwa inasikika kutoka asubuhi, ikanyamaza ghafla. Watu wa pande zote za ukuta wakajua.

Sista alikwenda. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, na alipoingia walisogea kumpisha, si kwa heshima. Mama Twiga alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye mguu wa cherehani, na kitambaa kikiwa bado chini ya sindano. Aliinua uso.

"Ulinituliza moyo siku ile uliposema utamwangalia vizuri," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Nilirudi ndani nikafurahi. Nikasema, dada amenielewa."

"Nilimwangalia."

"Najua. Na mumeo pia ulimwangalia." Akaushusha uso. "Nenda tu, dada. Leo siwezi."

Wiki hiyohiyo Fundi aliondoka. Alimwambia mama yake kwamba anakwenda kununua mbao, akambusu mkono, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, na mama huyo akajua haendi kununua mbao. Alikwenda hadi mji mwingine ambako hajulikani. Kule vita vilikuwa vimewala watu wengi na waandikishaji walikuwa na haraka. Waliona cheti chake cha utumishi wa kwanza, wakaona mikono yake ya useremala, wakampa sare. Hakuna aliyemgeuza uso ukutani.

Alipiga simu mara moja kutoka kambini. Makelele yalikuwa mengi, na simu yenyewe alikuwa ameishika, nadhani, kwenye sikio zuri huku akiliziba lile bovu bila sababu, kwa mazoea tu ya kujificha.

"Unarudi lini?" mkewe akamuuliza.

"Ndiyo, chakula kipo," Fundi akajibu. "Tunakula vizuri."

"Nimeuliza unarudi lini."

"Msalimie mama. Mwambie sijakasirika."

"Ni mimi. Unaongea na mimi."

"Basi na wewe," akasema, "na wewe sijakukasirikia. Ulifanya kazi yako." Simu ikakatika, na Sista hakujua kama alimsikia au alibahatisha.

Alikwenda kwa daktari kuomba aondolewe ukumbini. Daktari alisema hana mtu mwingine. Akaendelea na kazi, ila vijana walisema amepoteza utani, na sauti yake ya pumua ikawa ndogo kiasi kwamba wa mwisho mstarini hawakuwa wakiisikia.

Fundi aliuawa kabla ya mvua. Baada ya maofisa wenye kofia, alikuja pia mwenzake wa kikosi, mwanamume wa makamo aliyefungwa mkono shingoni. Alikaa kwenye kile kiti alichokisifu sajini na kumsifia marehemu kwa muda mrefu. Alisema daraja walilokuwa wanalitengeneza lilikuwa karibu kukamilika. Alisema ndege zilitokea upande wa mlimani na wote wakakimbilia mtaroni.

"Wote?" Sista akauliza.

Mgeni alijikuna kidevu. "Yeye alikuwa anapigilia misumari. Alikuwa ametupa mgongo."

"Mlimwita?"

Mtu yule alitazama sakafu. Mama mkwe, aliyekuwa kwenye pembe ya chumba na kanga kichwani, naye aliinua uso kungoja jibu.

"Tulimwita, shemeji," alisema. "Tulimwita sana."

Mama mkwe akaanza kulia kwa sauti, na kupitia kilio hicho akawa anasema jambo ambalo hakuwahi kulikubali, kwamba mwanawe alikuwa hasikii, kwamba yeye mama alijua, kwamba alikuwa akimwita haitiki na akasema ni majivuno. Neno hilo lilitoka na waombolezaji hadi barabarani. Jioni mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba Sista hakudanganya. Wengine waliona haya. Wengine walisema, sasa imemsaidia nini.

Kesho yake asubuhi, Sista alipotoka jikoni alikuta mtu ameinama uani anaosha sufuria za msibani. Alikuwa Mama Twiga. Walikuwa hawajasemezana tangu siku ya cherehani. Sista alichukua kigoda akakaa karibu naye, akaanza kupangusa.

"Sasa tumelingana," Mama Twiga akasema bila kuinua uso.

Hakusema kwa kumcheka. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mikono ikamsimama majini. "Mungu anisamehe, nilitamani hivi. Usiku mwingi nilitamani. Nikafikiri nitapata nafuu."

"Umeipata?"

"Hapana."

Sista akamwambia, "Nilitafuta kosa kwa mwanao. Nilitafuta mpaka nikaona aibu. Angekuwa na kasoro ndogo kama punje ningeiandika kubwa."

"Hata mumeo ungemwandika mzima, kama angekuwa mzima?"

Sista aliweka chini sufuria aliyokuwa akiipangusa. "Sijui," akasema. "Namshukuru Mungu kwamba sikuulizwa hilo." Mama Twiga alitikisa kichwa polepole, akamsogezea sufuria nyingine.

Usinielewe vibaya, hawakuwa marafiki wa kufa na kuzikana baada ya hapo. Kulikuwa na siku Mama Twiga aliona sare nyeupe ya Sista getini akageuza njia, na Sista hakumlaumu. Ukumbini hakurudi tena. Safari hii hakuomba. Alimwambia daktari kwamba haendi, wamfukuze wakitaka. Hawakumfukuza. Walimpeleka wodi ya majeruhi, akawa anaosha vidonda vya vijana, na baadhi yao walimkumbuka, wakamwita kwa jina lile la utani, wengine hawakutaka hata awaguse. Waliokataa aliwaachia mwenzake. Waliokubali aliwahudumia bila maneno mengi.

Vita viliisha siku ya kawaida, katikati ya asubuhi. Vijana walikimbia barabarani wakipiga masufuria na honi zikalia mpaka jua likazama. Mama mkwe alikuwa ameshalala kaburini. Sista alikaa ndani, amefunga dirisha, redio imewashwa chini kwa chini, na kupitia ukuta alisikia redio ya Mama Twiga nayo ikisema maneno yaleyale. Hakuna aliyemwendea mwenzake siku hiyo.

Asubuhi iliyofuata mlango uligongwa. Mama Twiga alikuwa amesimama na kikapu mkononi, amejifunga kilemba, macho yamevimba.

"Nakwenda sokoni," alisema. "Utahitaji kitu, au unakuja?"

Sista alisema anakuja, akaingia ndani kutafuta viatu.